Maneno Arobaini ya Wajina

"Maneno arobaini, mama. Ulimwambia mwalimu mtoto ako na maneno arobaini."

Cucu Wamucii, nyanya wa mtoto huyo, hakuinua macho. Alikuwa na ungo wa mchele wa Wang'uru mapajani, akitoa mawe. Akajibu kwamba pengine alisema thelathini, hayo mengine mwalimu aliongeza mwenyewe.

"Usinichekeshe leo," Benter akasema.

Benter alikuwa mke wa mwanawe, Mutahi. Alikuwa binti wa polisi kutoka upande wa Kisumu, na kwa miaka sita waliyokaa pamoja katika vyumba viwili vya kupanga hapo Majengo, Nyeri, hakuwahi kumpandishia mama mkwe sauti. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amekutana sokoni na Mwalimu Nasirumbi, anayefundisha darasa la watoto viziwi. Alimlalamikia kwamba hakuna aliyekuja kumwona binti yake. Mwalimu akashangaa. Alikuja, alisema, miaka miwili iliyopita, akamkuta nyanya peke yake na mtoto, akaandika kitabuni kwamba mtoto anaongea vizuri. Nafasi ya darasani ikaenda kwa mtoto wa Kutus. Sasa nafasi moja ilikuwa imepatikana tena, na mwalimu angengoja shuleni hadi saa sita. Ila sharti aje nyanya mwenyewe, afute kwa mdomo wake kile alichosema kwa mdomo wake.

Mtoto huyo aliitwa Wamucii, kwa sababu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Cucu alimwita Wajina. Tangu azaliwe alitembea naye mgongoni, akimwonyesha watu kama mtu aliyeshinda mbuzi kwenye mashindano.

Cucu hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alichokuwa nacho ni mdomo. Alileta mchele kutoka Wang'uru, akaupima kwa mkebe hapo mlangoni, na kila mkebe uliondoka na hadithi ya bure. Aliapa kwamba katika mashamba ya mpunga alikutana na chura mwenye kofia ya polisi aliyemdai kipande cha utambulisho. Aliapa pia kwamba mwaka mmoja alibeba gunia zima hadi Kutus akishangaa wepesi wake, kumbe chui alikuwa amelishika kwa nyuma, na walipofika wakaagana kwa heshima. Hakusimulia kwa mdomo tu. Alivimbisha mashavu akawa chura, alichechemea akawa fisi, alitoa macho akawa zimwi, na mchele ukamwagika.

Wajina alikuwa akikaa mbele yake kwenye kigoda, akicheka palepale pa kuchekea. Majirani walipomnong'onezea Benter kwamba mtoto haitiki akiitwa, Cucu aliwafukuza. Kiziwi gani anacheka hadithi? Hata baba yake, alisema, alinyamaza mpaka miaka minne, na neno lake la kwanza lilikuwa kumkosoa padri.

Halafu jino likamuuma Cucu. Shavu lilifura, akajifunga shuka usoni mpaka chini ya macho, na kwa vile hakujua kukaa kimya alianza hadithi ya zimwi ndani ya shuka. Alifika mahali ambapo zimwi linakwama mlangoni kwa sababu ya tumbo. Wajina alikuwa akimtazama kuku. Cucu akarudia, kwa sauti ya juu iliyomchoma jino. Mtoto alimtazama kuku. Basi akafungua shuka, akavimbisha shavu lile lile bovu, na mtoto akaanguka kwa kicheko.

Hakumwambia mtu. Mwezi haukuisha, mwalimu akabisha hodi na kitabu chake. Alipouliza mtoto anajua maneno mangapi, Cucu alianza na matatu: mama, maziwa, mbuzi. Kalamu ikaandika. Hakuna mtu aliyewahi kuandika maneno ya Cucu. Yakamnogea. Akaongeza mengine, na mengine, mpaka Wajina akawa amemkemea mbwa wa chifu kwa Kiswahili safi. Mwalimu akacheka, akafunga kitabu.

"Mwalimu anasema ile miaka ya kushika maneno haraka ndio hiyo imepita," Benter akasema. Sauti yake sasa ilikuwa imeshuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Anaingia miaka sita. Hajui hata anaitwa nani. Nikuulize kitu moja tu. Ulikuwa unajua?"

Cucu akatafuta uongo. Kwa kawaida ulikuwa tayari, umepanga foleni. Leo hakukuwa na kitu ila mchele.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ya jino."

Benter akakaa kitandani.

"Nilifikiri nikisema, hiyo jina yetu itaitwa bubu," Cucu akaendelea. "Na nilifikiri watampeleka mbali, nibaki nikisimulia ukuta. Arobaini ni uongo, Benter. Ako na tisa, za mikono. Nimehesabu. Iko ya chura, iko ya chui, iko ya fisi..."

"Na ya mama?"

Cucu aliweka ungo chini. Alitazama vidole vyake, vilivyoweza kufanya zimwi na mkia wa chui, na miaka yote hiyo havikuwahi kufanya mama.

"Hiyo sikumpatia."

Akavuta shuka lake msumarini, lile la siku ya jino, akajifunga mabegani. Jua lilikuwa limefika kizingitini; saa sita haikuwa mbali. "Twende," akasema. "Nitamwambia aandike hakuna. Nitamwambia ni mimi nili..."

Mlango ukasukumwa. Wajina akaingia na sufuria tupu, akirudi kutoka kwa jirani yao Kabura. Wale wanawake wawili wakanyamaza papo hapo, jinsi watu wazima wanavyonyamaza ili mtoto asisikie.

Mtoto akatazama mdomo wa mmoja, kisha wa mwingine, akingoja.