Goti la Mshambuliaji

Leo nilifungua kopo la dawa ya kuchua, na harufu yake kali ikanikumbusha uwanja wa Koboko nilipokuwa msichana mdogo. Baba, mwanajeshi mstaafu, alikuwa amenikataza mpira. Nilitoroka hata hivyo ili nikamwone mshambuliaji wa timu ya wanawake ya Arua, niliyempenda kuliko wachezaji wote. Baada ya mechi nilimkuta amekaa kwenye nyasi, goti limevimba, akaniruhusu nimchue.

Mara baba akatokea.

"Mzee, mtoto yako iko na mkono muzuri," yule mshambuliaji akamwambia.

Baba akalitazama goti. "Hii mguu ndiyo ilifunga goli mbili?"

"Ndiyo, mzee."

Akampa mkono.

Njiani kurudi nyumbani Kuluba nilingojea kuchapwa. Baba akaniuliza, "Sasa wewe nataka kucheza namba ngapi?"