Sticker ilisema "Max Load 100 kg", nikadhani mimi si mzigo: baiskeli yangu ya Doha

Wakuu habari zenu, na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila hata ku-like pia nawaona.

Hii stori nimeikalia wiki kadhaa. Sijaongeza chumvi. Pale nitakapoonekana mjinga, mjue nilikuwa mjinga kweli. Wabongo mtanivumilia Kiswahili, mimi ni wa Bungoma.

Niko Doha, mlinzi kwenye jengo la ofisi. Nilipokuja metro ilikuwa bado inachimbwa, diversion juu ya diversion. Nilianza kazi nikiwa mwembamba, nasimama getini kwa jua. Halafu wakanipandisha cheo, wakaniweka chumba cha CCTV. AC, kiti cha kuzunguka, na biryani ya bure kutoka ofisi za ghorofa ya tatu, watu ambao kila siku wana mkutano na kila mkutano chakula kinabaki.

Wakuu, nilikula. Uniform ilibadilishwa mara tatu, na ya mwisho ikabidi ishonwe na fundi wa Najma, mtaa tunakoishi, kwa sababu store hawakuwa na saizi.

Contract ikakaribia kuisha. Kampuni ikasema kila mtu apimwe kwanza. Daktari akanipima pressure, akaangalia mashine, akaniangalia mimi, akapima tena. Kisha akasema wiki kumi. Isiposhuka, hawa-renew, napewa tiketi ya kurudi nyumbani. Dawa alinipa, lakini akaniambia bila kupunguza mwili ni kazi bure.

Nyumbani nina mke na watoto watatu, wote wanategemea hiyo kazi. Mke sikumwambia. Niliogopa sana, nasema wazi. Hata biryani ya siku hiyo sikusikia utamu wake, ingawa niliimaliza.

Room-mate wangu kambini, Mukasa, Mganda Mwislamu, akasema, "Ssebo, kimbia." Nikakimbia block moja hapo Najma, goti likavimba siku tatu.

Ndipo nikakumbuka baiskeli.

Mnielewe hapa. Kabla ya Qatar nilikuwa boda boda wa baiskeli, kabla pikipiki hazijatumaliza. Nimebeba magunia ya mahindi. Nimebeba mama, mtoto wake na kuku wawili kwa safari moja. Sasa kuhusu baiskeli mtu aniambie nini?

Nikaenda supermarket kubwa, nikachagua nyekundu, shock mbele, shock nyuma, gear ishirini na moja. Kwenye fremu kuna sticker: Max Load 100 kg.

Na hapa ndipo akili ya boda boda iliniponza. Kwetu mzigo ni kile kilicho nyuma kwa carrier. Gunia ni mzigo. Abiria ni mzigo. Dereva ni dereva! Hakuna mtu pale stage ya boda boda aliwahi kujihesabu mwenyewe. Kwa hivyo nikasoma ile sticker nikafurahi: kumbe hii itanibeba mimi, na juu yangu iongeze gunia zima. Nikasema hii ni chuma.

Ijumaa asubuhi nikaipanda kwenda Mesaimeer, kule kwenye makanisa, ambako Wakenya na Waganda tunakutana. Nilitaka watu waone nimebadilika. Njiani nilisikia ting. Nikafikiri ni kokoto. Tena ting. Nikaongeza mwendo.

Nilipokaribia foleni ya kuingia, mbele ya kwaya nzima ya akina mama na nguo zao za njano, spoki zilizobaki ziliachia kwa pamoja. Ringi ya nyuma ikajikunja, nikaketi chini na baiskeli ikiwa bado katikati ya miguu. Suruali ilipasuka pale mnapofikiria.

Kwaya ikacheka kwa sauti nne.

Aliyekuja kuniinua ni Sista Njeri, nesi Mkenya ambaye nilikuwa nimemweleza habari ya pressure. Alinifunga leso yake kiunoni, akainamia baiskeli, akasoma sticker.

"Wafula, imeandikwa kilo mia."

"Ya mzigo," nikamwambia. "Na mimi sikubeba kitu!"

Aliniangalia hivi, kwa huruma.

"Wafula. Mzigo ni wewe."

Nikaanza kubishana, wakuu, na leso ya maua kiunoni. Nikamweleza habari ya carrier, ya gunia, ya stage. Akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Umebakisha wiki ngapi?" Nane. Nikainama nikaanza kuokota spoki.

Jumamosi nikasukuma ile takataka hadi kwa mzee mmoja wa Kerala anayetengeneza baiskeli Najma, kiduka chembamba ambacho mimi niliingia kwa ubavu. Tunamwita Chacha, yaani baba mdogo kwa Kihindi. Akaniuliza kwa kile Kiarabu cha barabarani ambacho wageni wote tunakiongea: "Sadiq, kam kilo?" Yaani, rafiki, una kilo ngapi?

Nikasema mia moja.

Chacha alitazama ringi iliyokunjika, akatazama tumbo langu, akanishika mkono. Jirani yake ni duka la cargo, pale watu wanapotuma makatoni ya zawadi nyumbani. Kuna mizani ya chuma ya kupimia mizigo. Akanisimamisha juu yake, mbele ya wateja.

Mia na thelathini na moja.

Karani wa cargo, bila hata kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, akauliza, "Wapi? Kwa ndege au kwa meli?"

Duka zima lilianguka kicheko, na mimi nikacheka hadi machozi. Kisha kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu jibu nililijua. Kenya, kwa ndege, baada ya wiki nane. Nilishuka kwenye mizani nikamfuata Chacha dukani kwake.

Basi Chacha akanifundisha, mimi niliyejua yote. Shock za bei rahisi hazimfai mtu mzito, nguvu zako zinaishia kunesanesa. Fremu iwe ya chuma. Gurudumu la nyuma liwe na spoki thelathini na sita, zimekazwa kwa mkono, na tairi pana lililojaa upepo vizuri. Kiti kipana chenye springi. Usukani juu, ili goti lisipige tumbo.

Fremu aliyokuwa nayo ilikuwa ya baiskeli ya delivery ya baqala, duka dogo la mtaani. Na ilikuwa ya kike, ile ambayo bomba lake la katikati limeshuka chini. Nikakataa. Akanionyesha mshono mpya wa suruali yangu, ile ya jana. Nikakubali.

Mukasa alipoiona alisema, "Banange, mama ameenda sokoni!" na jina la Mama likanishika kambi nzima. Sawa tu.

Kila siku baada ya adhana ya alfajiri, kabla jua halijawaka, nilitoka Najma kuelekea Al Thumama. Siku ya kwanza sikufika hata nusu, nilikaa ukingoni nikihema hadi Mpakistani wa lori akasimama kuniuliza kama aite ambulance. Wiki ya tatu nilifika. Wiki ya sita nilifika na kurudi bila kushuka. Biryani nikampa Mukasa, na sasa yeye ndiye anahangaika na mshipi.

Siku ya kipimo. Mizani kwanza: mia na kumi na tisa. Daktari akatikisa kichwa. Akanifunga ule mpira mkononi, akapampu. Akaangalia. Akapampu tena. Nilisali sala zote ninazozijua, na ya Waislamu moja niliyoisikia kwa Mukasa.

"Imeshuka," akasema. "Nenda kazini." Akapiga muhuri.

Wakuu, nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikalia, mtu mzima, bila aibu. Kisha nikampigia mke wangu nikamwambia yote, tangu siku ya kwanza, na kwamba sasa sirudishwi tena, nimebaki. Alishukuru Mungu, akanigombeza kwa kumficha, akashukuru tena.

Kumbe simu ilikuwa kwa loudspeaker. Kitinda mimba wangu, wa miaka saba, akauliza kutoka nyuma:

"Kwa hivyo baba hakuji?"

Wiki kumi nzima nilikuwa nimepigania nisipelekwe mahali ambapo kuna mtu alikuwa ananingoja.

Nikaenda ofisini moja kwa moja kuomba leave.

Nilichojifunza: ukinunua baiskeli ukiwa mzito, jipime kwanza, jihesabu na wewe, na useme kilo zako za kweli kwa fundi. Wenye uzoefu leteni yenu, tena mniambie: baiskeli ya mtoto wa miaka saba ikifunguliwa vipande vipande, inaingia kwenye begi la ndege? Nasafiri Alhamisi.