Makopo ya Mrusi na Makopo ya Mchina

Skuli sikumaliza hata mwaka mmoja, lakini ugomvi wa wakubwa wa dunia niliubeba kichwani. Wajukuu zangu, msinibishie.

Ilikuwa wakati wa vita vya kumtoa Mreno. Tangu vita vya dunia viishe, mataifa makubwa yalikuwa yanavutana kila mahali, na kwetu pia. Mreno ndege alipewa na rafiki zake wa Ulaya na Marekani. Sisi risasi tulipewa na Mrusi na Mchina, na hao wawili wenyewe hawapatani. Nilistaajabu: watu wenye nchi kubwa kiasi hicho wanagombania mihogo yetu ya huku kijijini Kionga?

Wanawake sita tulivuka Ruvuma, kila mmoja na sanduku lake. Matatu ya Mrusi yalikuwa ya bunduki kubwa ya kaka yangu, aliyebakiwa na mshipi mmoja wa risasi. Matatu ya Mchina yalikuwa ya kambi ya mbele. Mbao zikatuumiza utosi. Tukazivunja, tukazitupa, makopo ya bati ya ndani tukayashonea kwenye mapakacha kama ng'onda, ili ndege ikipita ione wachuuzi wa samaki. Tulijiona wajanja! Kufika njia panda ya kugawana mizigo, loo, maandishi yamebaki kwenye mbao. Makopo yote ya kijani, yote sawasawa. Na mvua inanyesha. Ukifungua, risasi zinaharibika.

"Haya, wajanja," akasema kiongozi wetu. "Ya kaka'ke huyu ni yapi?"

"Nitwisheni."

"Utanusa kwa utosi?"

"Nitwisheni, dada! Kaka yangu anangoja."

Wakanitwisha moja moja. Safari nne za nyuma nilibeba ya Mrusi tu, shingo ilishazoea uzito wake. La kwanza likatulia kichwani, jepesi. Hapana. La pili likanikandamiza mpaka meno yakagongana.

"Hili."

Hivyo hivyo mpaka yakatimia matatu.

Tulipomfikia, kaka alilikata kopo chini ya turubai. Akachukua risasi, akaichomeka kwenye mshipi mtupu. Ikakaa. Akanitazama, akaendelea kuchomeka.

Nikashika nyingine, nene kama kidole gumba changu, inang'aa mafuta. Imevuka bahari ngapi sijui, imetengenezwa na watu wasiojua kama nipo duniani. Na katika safari yote ile, aliyeitambua ni mimi, kwa shingo hii hii.