Daftari la Nyimbo la Bukiriro

Nilikuwa nauza vitabu vikuukuu Runazi, kwenye kibanda kilichopakana na duka la chumvi na sabuni. Mwenye duka alikuwa na mzaha wake mmoja kwa kila mteja: "Jirani yangu huyu anauza karatasi zilizokwisha kusomwa." Nilimwacha aseme. Mimi nilichotafuta hasa ni maandishi ya kwetu Ngara, hadithi na nyimbo zilizoandikwa kwa mkono na watu ambao hakuna aliyewaomba waandike.

Daftari nililolitaka kuliko yote lilikuwa kijijini Bukiriro, kwa katekista mzee aliyenifundisha sala utotoni. Lilikuwa la nyimbo za arusi za Kihangaza, lugha yetu, na aliniahidi kwamba akifa nilichukue. Alikufa wakati wa vita. Mume wangu alikuwa vitani, malori nayo yalikuwa yamechukuliwa kubeba askari, basi nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda siku mbili, sehemu kubwa kwa miguu.

Mjane wa katekista alinipokea vizuri. Aliitikia shikamoo yangu, akanipa uji, akampakata mtoto. Kisha akaleta daftari.

Kila ukurasa ulikuwa umeandikwa juu ya maandishi. Chini wino wa buluu wa marehemu, juu penseli nene: ba be bi bo bu, halafu jina la mjane, kutoka juu hadi chini. Madaftari yalikuwa hayapatikani, na mwalimu wa ngumbaru, darasa la watu wazima, aliwaambia wanafunzi wake waje na karatasi yoyote iliyopo nyumbani.

Sikujizuia. "Mama, umeharibu. Hukuona kuna maandishi?"

"Niliona. Lilikaa na vitabu vya kanisa, nikadhani ni orodha ya waliobatizwa. Ningejuaje, na kusoma nilikuwa sijui?"

Nikatoa raba. Penseli inafutika, nikamwambia, wino utabaki. Akaliweka daftari chini ya goti lake.

"Hilo ni jina langu. Maisha yangu yote nimeweka dole gumba. Kafute lako."

Nilikaa pale nimevimba kwa hasira, na uji ukapoa. Yeye ndiye aliyeanza, akalitoa daftari. "Soma unachokiona," akasema. Nikasoma mstari uliokatika, naye akaumalizia kwa sauti ya chini, akimtikisa mwanangu magotini. Ukurasa baada ya ukurasa ikawa hivyo, nami nikinakili. Kumbe nyimbo zote zilitoka kinywani mwake. Mumewe alikuwa anaandika tu. Na kwenye jalada mzee yule aliandika jina lake mwenyewe, basi. Hilo lilinichoma kuliko penseli.

Tulipofika wimbo wa mwisho, ule wa kumtoa bibi arusi kwa baba yake, aliacha kumtikisa mtoto.

"Huu siuimbi. Mwanangu yuko vitani. Nyumba yenye mtu vitani haitoi bibi arusi, hata kwa mdomo."

"Niambie maneno tu, mama."

"Na wako yuko wapi?"

Nikaandika maneno machache yaliyoonekana kati ya herufi zake, nikaacha nafasi kwa yaliyobaki. Alinisindikiza hadi njiani, akanirudishia mtoto.

"Wako akirudi kwanza, usije," akasema. "Subiri wangu."

Mume wangu amerudi, anachechemea kidogo. Ukurasa ule bado una nafasi, na Bukiriro sijakwenda.