Tangi Lililorudi Kawangware

Mtu akitaka kujua tabia ya fundi, asimwangalie akianza kazi. Amwangalie akimaliza. Kuanza vizuri hakumshindi mtu. Ni jioni, vifaa vikiwa vimejaa uchafu na mwili umechoka, ndipo utu hujulikana.

Christine Apiyo wa kijiji cha Raila, Kibera, haondoki kwenye mashine kabla haijatakata. Ni mashine ndogo ya kupulizia mbegu za nyasi: tangi la plastiki, injini ya petroli, pampu, na mpira mrefu wenye mdomo wa shaba. Ndani ya tangi huingia maji, mbegu, mbolea, gundi kidogo na trei za karatasi za mayai zilizosagwa. Mwiko wa chuma huzunguka ukikoroga vyote hadi viwe kama uji mwepesi, uliotiwa rangi ya kijani ili mpulizaji aone alipopita na alipoacha. Uji huo hurushwa kwenye mteremko mkali, ukanata kwenye udongo, na mbegu zikaota pale pale ziliponata.

Ukisahauliwa ndani, huganda. Kwa hiyo Apiyo akimaliza hufungua chujio na kulisugua, hupitisha maji masafi mpaka yatoke mdomoni yakiwa meupe, kisha hutia grisi pale mwiko unapozungukia. Maji ya kuoshea humwaga nyuma ya lango la yadi, Kawangware. Humo hubaki mbegu mbili tatu, na leo mahali hapo pana nyasi nzuri ambazo hakuna aliyezipanda. Wapangaji huketi hapo Jumapili wakitoka kanisani.

Yadi ni ya Mzee Ephantus, mwenye ploti kadhaa za nyumba za kupanga mtaani humo, anayekodisha vifaa vya ujenzi. Apiyo alifika kwake kufagia, baada ya kuchoshwa na karai la kukaangia samaki pale Raila. Aliyeendesha mashine wakati huo alikuwa mtu wa kuacha uji ndani hadi kesho yake, na wateja walizoea kumngoja akichokora mpira kwa waya. Alipoondoka, Apiyo aliomba aachiwe kazi ile. Ephantus alikubali, lakini moyo wake ulikuwa umeshatoka kwenye mashine. Kulikuwa na mnunuzi kutoka Thika. Alimwambia Apiyo waziwazi: watapuliza mteremko wa Kambi Muru, Kibera, na nyasi zisiposhika, mashine itauzwa.

Apiyo aliipenda kazi ile. Hakutaka kurudi kwenye karai.

Mteremko wenyewe uko juu ya shule ya chekechea ya Mwalimu Nduta. Kila msimu wa mvua tope liliteremka hadi ndani ya darasa. Wiki waliyopanga kupuliza, mifereji ya maji ya bomba Kibera ilikuwa mikavu, na Apiyo akamtuma shemeji yake Osewe, dereva wa pikapu ya yadi, atafute maji. Osewe aliyapata bila shida. Mkewe, Audrey, hufua nguo za watu wa magorofa ya Nyayo Highrise, na nyumbani kwao, kama kwa majirani wote, maji hayatumiwi mara moja. Yakishafua, yanapiga deki. Yakishapiga deki, yanaenda chooni. Mapipa yalikuwa yamejaa mlangoni. Osewe aliona ni dhambi kununua maji ya kunywesha nyasi, akayabeba na kuyamimina tangini wakati Apiyo yuko juu ya mteremko anaokota mawe.

Apiyo alishuka, akatia mbegu na vingine vyote, akawasha injini. Povu jeupe likapanda mpaka likamwagika. Pampu ikaanza kukohoa. Aliinama akanusa.

"Shem, haya maji umetoa wapi?"

"Kwa Audrey. Ni ya mashuka meupe ya watu wa Highrise. Hizi nyasi zitatoka zikiwa smati kuliko sisi."

Apiyo hakucheka. Mashuka meupe huloweshwa kwa dawa kali ya kung'arisha, inayoweza kuua mbegu, na dawa hiyo aliisikia puani. Osewe akasema povu litatulia, na rangi si ni ileile. Hapo alisema kweli, na ndipo penye mtego. Mwalimu Nduta alikwisha kutoka nje na simu mkononi apige picha. Angeona mlima wa kijani, angeshukuru, na wao wangekwenda zao. Mji huu una kazi nyingi za namna hiyo, zinazong'aa siku ya kukabidhiwa tu.

Apiyo alizima injini. Alimwambia Nduta kwamba maji ni mabaya na leo hawapulizi. Nduta alilalamika, akaonyesha mawingu yaliyokuwa yakijikusanya. Apiyo aliomba radhi, akafunga tangi, wakapandisha mashine kwenye pikapu.

Ephantus aliwakuta langoni mwa yadi. Apiyo alimweleza yote, ila jina la aliyeleta maji. Alisema tu kwamba yeye ndiye aliyesimamia kazi. Osewe, aliyekuwa akikagua tairi lisilo na kasoro yoyote, akakohoa na kusema maji aliyaleta yeye.

Mzee alichungulia tangini, kisha akamwita Apiyo kwa jina la mwanawe. "Mama Brandon, una hakika hizi mbegu zimekufa?"

"Sina, mzee. Ndiyo maana nimerudi nazo. Ningepuliza kitu nisichokijua?"

Apiyo akaomba aumwage uji ule kwenye udongo mtupu kando ya zile nyasi za langoni, kwa wembamba uleule wa mteremkoni, kisha wote waone. Mzee akaingia stoo, akatoka na mfuko mwingine wa mbegu, akaelekeza kidole kwenye mfereji wa kisima chake. Jioni ile Apiyo aliosha tangi mara mbili. Asubuhi walirudi Kambi Muru, wakapuliza mteremko wote, na mvua ilinyesha juu ya kazi iliyokwisha kunata.

Mvua zilipotulia Ephantus alikwenda kujionea. Mteremko ulikuwa umefunikwa, na darasani sakafu ilikuwa kavu. Aliporudi alikwenda nyuma ya lango kukagua. Zile nyasi za zamani zilikuwa zimenenepa kwa mvua. Kando yake, pale ulipomwagwa uji wa povu, palikuwa na kipara, na majani machache ya manjano yamesimama kama ndevu za mgonjwa. Simu yake ikalia. Alikuwa yule mnunuzi wa Thika.

"Tafuta ingine," Ephantus alimwambia. "Hii iko na kazi."

Apiyo alisikia. Aliendelea kusugua chujio, ila safari hii akiimba.

Siku hizi Osewe hatii maji tangini kabla ya kuyanusa, hata yakitoka mferejini mbele ya macho yake. Akina mama kwenye foleni ya maji humwita mbwa wa polisi. Yeye hunusa tu, akafunga mtungi, akaenda.