Sili za Yadam

Tangu majani yaote, Pagma alikuwa akimsema vibaya Yadam, muuza vipuri wa pale makao ya wilaya, tena hadharani, kwenye foleni ya petroli. Sili zake, zile pete za mpira za kuzuia oili, ni ubani wa kutafuna, alisema. Na kweli gari la Pagma, furgoni kuukuu la Kirusi, lilikuwa limeshakula seti mbili za sili hizo, na kila mara oili ya difu, ile ya gia za ekseli ya nyuma, ilipenya ikalowesha breki za nyuma.

Pagma alishika usukani tangu afiwe na mumewe, na fundi wa gari lake alikuwa yeye mwenyewe. Habu, kitovu cha gurudumu, aliweza kuifungua hata akiwa amefumba macho. Asubuhi hiyo kilichomtoa jasho kilikuwa Naadam, sikukuu ya kila mwaka ya michezo. Mieleka ingeanza adhuhuri, na nyuma ya gari, juu ya godoro, katika joho lake la hariri, alikaa baba yake, mzee Damchaa, mwimbaji wa sifa na vyeo vya wanamieleka. Kifua kilikuwa kimeanza kumbana, na mwenyewe alishasema hii ni mara yake ya mwisho. Pagma aliapa kumfikisha hata kwa kumbeba mgongoni.

Walipofika chini ya mlima, gurudumu la nyuma likaanza kulia. Pagma akashuka, akagusa habu, akaurudisha mkono mbio.

"Beringi imekwisha, na sili imevuja tena. Huyu Yadam nitamla nyama."

"Mle baada ya mieleka," baba yake akasema.

Beringi na sili za akiba alikuwa nazo. Alishapiga jeki, akatoa tairi na kuchomoa ekseli, ndipo lori likatokea na vumbi lake. Nyikani huko hakuna anayempita aliyekwama, hata kama wamegombana. Lori likasimama, akashuka Yadam mwenyewe na kitambi chake. Kwanza akampa mzee kichupa cha ugoro, wakajuliana hali. Kisha akachuchumaa kando ya habu.

"Dada Pagma, nasikia siku hizi nauza ubani."

"Unauza. Nishikie hiyo nyundo."

Wakafanya kazi bega kwa bega. Beringi ya zamani ilikuwa imeungua ikageuka buluu. Wakagonga mpya taratibu, wakaijaza grisi, wakapachika sili, wakakaza nati mpaka habu ikawa nzito kuzunguka, kisha wakailegeza kidogo na kurudisha ekseli na tairi. Ikabaki kuongeza oili. Pagma akajipenyeza chini ya gari, akafungua kizibo cha difu, na difu ikatoa pumzi ndefu, ikamrushia oili shavuni.

Akatulia tuli. Hewa hiyo yote ilikuwa inafanya nini mle ndani? Juu ya difu kuna tundu dogo la kupumulia. Akalipapasa, na kidole kikakutana na sufu.

Moyo ukamruka kwa furaha ya kugundua ugonjwa hata kabla aibu haijafika. Sufu hiyo aliishindilia yeye, siku alipovuka mto uliofurika, ili maji yasiingie. Akavuka salama, akasahau. Kumbe hewa ya moto ilikosa njia, ikawa inasukuma oili kwenye sili, na hakuna sili ambayo ingehimili.

"Kaka Yadam, hebu njoo huku."

Yadam akajilaza kwa taabu, akaitazama ile sufu.

"Ya kondoo wako?"

"Wangu. Niwie radhi."

"Wewe mwanamke, kunitukana ni mbele ya foleni nzima, radhi ni chini ya gari?"

Wakacheka mpaka jeki ikatikisika, na mzee akawafokea kwamba saa zinakwenda. Pagma akaichomoa sufu, akajaza oili, akaupanda mlima kama mtu anayefukuzwa, lori la Yadam nyuma yake. Kileleni alisimama kugusa habu, akaikuta vuguvugu tu, na njia nzima ya kuteremka akaimba.

Walifika wanamieleka wakivua kofia. Mzee akaingia uwanjani, akavuta pumzi, na sauti ikatoka nzima, cheo baada ya cheo. Alipomaliza akanyoosha mkono kwa watazamaji.

"Na yule pale ni Yadam, bingwa wa sili zisizovuja, aliyetukanwa bure na binti yangu, kumbe binti mwenyewe ndiye aliyeliziba pua gari lake."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Pagma akafunika uso kwa kofia, akicheka mpaka machozi, na humo humo akamwombea baba yake pumzi ya mwaka mwingine.