Moto Chini ya Kinyungu

Mama yangu alizaliwa milimani, nyuma ya mji wa Mbeya, akaolewa Kilolo, na mpaka baba anafariki watu walikuwa bado wanamwita "yule wa Mbeya". Hakujali. Alikuwa na ulimi wa kujibu na mikono ya kulima, na mimi nimerithi ulimi zaidi kuliko mikono.

Miaka ile ya sabini tulipohamishiwa kijiji kipya, nyumba zilipangwa mstari kando ya barabara, na mashamba yetu ya zamani yakabaki ng'ambo ya milima. Ukifika huko jua limeshapanda na nguruwe pori wameshakula. Kilichokuwa karibu ni bonde. Basi kila mwenye jembe alishuka bondeni kutengeneza kinyungu, bustani ya kiangazi inayolimwa kwenye unyevu wakati milimani kumekauka. Kinyungu ndicho kilichotuvusha miezi ya njaa, mahindi ya ghalani yanapoisha na mvua haijaja. Baba alikuwa ameshafariki; mimi na mama na wadogo zangu tulipewa kipande cha juu kabisa, chini ya chemchemi ambayo kijiji kizima kilichota.

Kipande chetu kilikuwa na maji mno. Mama alichimba mtaro katikati, akauongeza kina, udongo mweusi ukakauka, akapanda maharage. Yalistawi hata nikawa nayala kwa macho. Halafu akataka kuongeza eneo upande wa juu, apande viazi. Kwao, wanawake hukata majani pamoja na udongo wake, huyarundika, na yakikauka huyatia moto kwa ndani, kisha hupanda ulezi kwenye majivu. Alikuwa akifanya hivyo tangu usichana wake, na bondeni akafanya vile vile. Ila kwao ni mlimani, kwenye udongo mwekundu. Udongo wa bonde letu ulikuwa majani na mizizi iliyooza miaka na miaka, na ukishakauka ni kuni.

Marundo yaliwaka mchana kutwa, jioni yakazima. Kesho yake moshi ulitoka mahali ambapo hatukuwasha kitu. Nilikanyaga karibu na mtaro, mguu ukazama hadi kifundo kwenye majivu ya moto, nikapiga kelele. Mama alinivuta, akainama, akaweka kiganja juu ya ardhi. Nilimwona akiogopa, na sikuwa nimezoea kumwona hivyo.

Tulimwaga ndoo kwa ndoo. Tukizima hapa, moshi unatokea pale, na kila unapotokea ni karibu zaidi na mivengi, ile miti iliyoizunguka chemchemi. Wanawake waliokuja kuchota walikuta maji yamepungua na yananuka moshi. Jirani yetu, mama mmoja mnene mwenye kinyungu chini ya chetu, aliweka ndoo chini akashika kiuno.

"Wewe mama wa Mbeya, umetuchomea maji!"

"Maji yanaungua, dada?" mama alimjibu. "Ndiyo kwanza nasikia."

"Utasikia mengi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi umekuja kutumaliza."

Nilimchukia yule mama kwa roho yangu yote.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja na wanaume, wakazunguka, wakanong'onezana. Kila mtu alijua dawa: kuziba mtaro wetu upande wa chini, maji yarudi na kupanda mpaka udongo wote ulowe. Na kila mtu aliona maharage yetu yalivyosimama humo, maganda bado membamba, ndani hamna kitu. Yakikaa majini yataoza yote.

"Nipeni mpaka yakomae," mama alisema. "Nitashinda hapa na ndoo. Nitalala hapa."

"Moto hautakusubiri, mama," mwenyekiti alisema, kwa upole ambao ulinikera kuliko matusi. Akampa mpaka kesho.

Hakukuwa na haja ya kesho. Jioni ile, tukiwa tunamwaga maji na macho yanachuruzika kwa moshi, tulisikia mlio wa kitu kinachochanika. Mvengi mmoja uliinama polepole, ukaanguka kando ya chemchemi, mizizi yake juu, myeusi, inafuka. Majani yake yalikuwa bado mabichi kabisa.

Mama aliutazama. Kisha alichukua jembe, akashuka mwisho wa mtaro, akaanza kukata mabonge ya udongo na kuyatupa ndani. Nilimshika mkono.

"Mama, tutakula nini?"

"Leta mawe," alisema.

Nikaleta mawe, huku nalia kwa hasira. Maji yalisimama, yakageuka, yakaanza kuingia kwenye matuta. Ardhi ilitoa sauti kama ya chuma cha moto kinapotumbukizwa kwenye ndoo ya maji. Mama alikaa ukingoni akiangalia maharage yake yakizama, shina kwa shina, mpaka giza likamficha.

Moto ulikufa. Maji ya chemchemi yakarudi kuwa meupe. Baada ya muda bwana shamba alikuja kutoka wilayani, ukaitishwa mkutano, akakisifu kijiji kwa kulinda chanzo cha maji. Watu walipiga makofi. Mama alisimama nyuma.

"Maji yapo, nashukuru," alisema. "Sasa mniambie, nikishayabandika jikoni nitie nini ndani?"

Ndipo yule jirani mnene akainuka, amekunja uso vile vile kama siku ile ya ndoo.

"Achukue matuta yangu mawili, yale ya mtaroni," alisema. "Asinishukuru. Maji niliyochota asubuhi ni maharage yake."

Akakaa. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwingine, akangoja. Hakuna aliyeinuka. Tulikula kwenye matuta ya yule mama mpaka mvua zikaja, na kila alfajiri, wengine wote walipita mlangoni kwetu na ndoo zimejaa.